Kutambua na Kufuga Furu wa Ziwa George katika Tangi la Kioo

Swali linalorudiwa na wasomaji wengi wa Muhokya, Kasese na Bwera ni kama inawezekana kufuga nyumbani, ndani ya tangi la kioo, samaki wenye rangi za kuvutia, na kama samaki hao ni lazima watoke baharini. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na kwamba samaki wanaostahili kufikiriwa kwanza wapo chini ya kilima, katika Ziwa George, ambamo wavuvi wa Kahendero na Hamukungu huwapata kila siku na kuwahesabu kuwa samaki wasio na bei. Hawa ni furu, yaani samaki wadogo wa jenasi ya Haplochromis na jamaa zao, ambao watu wengi wa Uganda huwaita nkejje. Ugumu wa kuwafuga haumo katika gharama za tangi bali katika kuwatambua, kwa sababu spishi zao ni nyingi, majike hufanana mno, na mfugaji anayekosea kuwatambua hukosea pia chakula, idadi na wenzi wa kuwaweka pamoja.

Kuhusu samaki wa miamba ya bahari

Wapo wanaotaka kwa nia thabiti samaki wa jamii ya Labridae, ambao huishi katika matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania na kufanana kwa umbo na pono. Shauku hiyo ina msingi. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka Labridae na jamii ya furu katika kundi moja la ukoo, kwa kuwa wote wana taya za koo, yaani taya za pili zilizo ndani ya koo ambazo husaga chakula baada ya mdomo kukikamata. Uchunguzi wa vinasaba ndio ulioonyesha baadaye kwamba taya hizo zilijitokeza katika kila jamii peke yake. Hata hivyo, kwa mkazi wa Muhokya, samaki wa bahari wana masharti mazito:

- Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, hivyo tangi la lita 240 huhitaji zaidi ya kilo 8 za chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, na kila maji yanapobadilishwa chumvi nyingine huhitajika.
- Chumvi ya Katwe haifai kwa kazi hiyo, ingawa ipo karibu na ni rahisi kupatikana. Maji ya Ziwa Katwe yamejaa magadi na salfeti, na yana upungufu mkubwa wa kalisi na magnesi, madini ambayo viumbe wa matumbawe huyategemea.
- Labridae wengi hujifukia mchangani usiku, huruka nje ya tangi lisilofunikwa, na hubadilika kutoka jike kuwa dume wanapokua, huku rangi zao zikibadilika kabisa, kiasi kwamba mtoto, jike na dume wa spishi moja wanaweza kudhaniwa kuwa spishi tatu.
- Labroides dimidiatus, yule mdogo mwenye mstari mweusi ambaye husafisha miili ya samaki wakubwa kwa kula vimelea, hufa njaa kwa urahisi katika tangi, na ni haki aachwe baharini.

Mwenye uwezo wa kutimiza hayo yote anaweza kuendelea. Kwa wengine wote, ushauri wa makala haya ni furu, na si kwa sababu ya urahisi tu: katika Ziwa Victoria sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa mamia ya spishi za furu, lakini sangara hayupo katika maziwa ya George na Edward, na kwa hiyo mkazi wa Kasese anaishi kando ya mojawapo ya hazina za furu ambazo bado ni nzima.

Kabla ya kuchukua samaki hata mmoja

Ziwa George linazungukwa kwa sehemu kubwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, nalo lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa mwaka 1988 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kumwona afisa uvuvi wa wilaya na kueleza ni samaki wangapi wanaotakiwa, wa aina gani na kwa kusudi gani, kisha kukubaliana na mvuvi mwenye leseni katika mwalo unaotambuliwa. Kutega mwenyewe kwa chandarua au wavu wa macho madogo ni kosa la kisheria. Tena kuna viboko, mamba, na konokono wanaoeneza kichocho kwa anayesimama majini.

Samaki wa Ziwa George wana faida moja ambayo wasomaji wa Bwera, walio karibu zaidi na Ziwa Edward, wanapaswa kuielewa. Ziwa George lina kina cha wastani cha mita 2.4 hivi, hivyo samaki anayetolewa humo hapati madhara ya kupandishwa ghafla, ilhali Ziwa Edward lina sehemu zinazozidi mita 100, na samaki anayevutwa kutoka kina kirefu hufika juu akiwa na kibofu cha hewa kilichovimba, na kwa kawaida haponi. Anayetaka furu wa Ziwa Edward achague wale waliovuliwa karibu na ufuo. Asiwachanganye na wale wa Ziwa George hata kama maziwa hayo yameunganishwa na Mfereji wa Kazinga, kwa maana zipo spishi zinazojulikana kutoka ziwa moja tu.

Namna ya kutambua: rangi iwe ya mwisho

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kutambua furu kwa rangi. Dume anayetawala eneo lake hung'aa, lakini akihamishwa ndani ya ndoo hupauka kwa muda mfupi. Mistari ya ubavuni huonekana na kutoweka kulingana na hofu au hasira. Na samaki aliyekufa hupoteza rangi kabisa. Peter Humphry Greenwood wa jumba la makumbusho ya viumbe la London, aliyechapisha mwaka 1973 uchunguzi mpana wa Haplochromis wa Ziwa George, alitegemea zaidi meno, taya za koo, magamba na vipimo vya kichwa, akiendeleza kazi ya Ethelwynn Trewavas ya mwaka 1933. Mfugaji hawezi kuyafanya yote hayo kwa samaki aliye hai, lakini anaweza kufuata mpangilio ufuatao.

1. Kwanza watengwe watoto wa ngege. Ngege mchanga ana doa jeusi upande wa nyuma wa pezi la mgongoni, na dume wa ngege hana yale madoa ya manjano au ya rangi ya chungwa, yenye umbo la yai, ambayo dume wa furu huwa nayo kwenye pezi la chini lililo karibu na mkia. Kosa hili huwapata wengi, na matokeo yake ni samaki anayekua hadi kulijaza tangi.

2. Kisha atengwe Pseudocrenilabrus multicolor, samaki mdogo wa vinamasi vya mafunjo, mwenye mkia wa mviringo, ambaye badala ya madoa ya yai ana alama moja ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya pezi hilo la chini. Huyu amezoea maji yenye oksijeni kidogo, hakui sana, na ndiye anayefaa zaidi kwa anayeanza.

3. Astatoreochromis alluaudi naye atazamwe peke yake. Ana mwili mzito, rangi ya manjano inayoelekea kijani cha mzeituni, mkia wa mviringo, na madoa ya yai yaliyo mengi kuliko ya furu wengine. Chakula chake ni konokono.

4. Kwa waliobaki, atazamwe mdomo kabla ya kitu kingine chochote. Samaki awekwe kwa dakika chache katika kisanduku chembamba cha kioo chenye maji, rula ikiwa nyuma yake, apigwe picha ya ubavu mzima huku mapezi yakiwa yamefunguka, kisha midomo na meno ya mbele yachunguzwe kwa kioo cha kukuzia.

Mdomo na umbo hueleza mengi kuhusu riziki ya samaki. Haplochromis labiatus ana midomo minene isiyoweza kusahaulika. Haplochromis limax ana safu nyingi za meno madogo ya kukwangulia mwani unaoota juu ya majani ya mimea ya majini. Haplochromis squamipinnis, mkubwa mwenye mdomo mpana, ana magamba madogo kwenye mashina ya mapezi, naye hula samaki wenzake. Haplochromis angustifrons ana paji jembamba na macho makubwa, na hula funza wa wadudu. Haplochromis mylodon hutambulika kwa magego ya koo, ambayo hayaonekani kwa samaki aliye hai. Haplochromis taurinus hula mayai na vifaranga wa furu wengine, na asiingizwe kamwe katika tangi la kuzalishia.

Haplochromis nigripinnis, anayepatikana kwa wingi sana katikati ya ziwa, anastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiye anayekufa zaidi mikononi mwa wafugaji. Watafiti wa Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, waliofanya kazi kando ya Ziwa George kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 hadi 1972, walionyesha kwamba samaki huyu na ngege huweza kumeng'enya mwani wa buluu-kijani unaoyapa maji ya ziwa hilo rangi ya mboga, jambo ambalo lilidhaniwa kuwa haliwezekani kwa samaki. Utumbo wake ni mrefu na umejikunja mara nyingi. Anayempa nyama humvimbisha tumbo na kumuua.

Kama utambuzi umeshindikana, na mara nyingi utashindikana, kwa maana wataalamu wa Tervuren nchini Ubelgiji wameendelea hadi miaka ya karibuni kueleza spishi mpya za mfumo wa Ziwa Edward, samaki apewe jina la mahali alikotoka na tarehe, mathalani "furu wa Kahendero, mwenye mdomo mpana", badala ya kubandikwa jina la kisayansi la kubahatisha. Samaki anayekufa ahifadhiwe katika spiriti pamoja na maelezo hayo, kwa kuwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere au wa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Jinja wanaweza kumchunguza meno na taya.

Tangi na maji yake

Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45 huchukua takriban lita 240 na linatosha kundi moja la furu wa wastani. Kwa Pseudocrenilabrus, tangi la sentimita 80 linatosha. Kioo kiwe cha milimita 10 kwa tangi kubwa, na gundi iwe silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki. Maji pekee yatakuwa na uzito wa kilo 240 hivi, kwa hiyo meza ya kawaida haifai.

Maji ndiyo sehemu ambayo mazingira ya Kasese yanadai uangalifu wa pekee.

- Maji ya bomba ya mjini yana klorini. Yaachwe katika chombo kilicho wazi kwa siku nzima, pampu ya hewa ikifanya kazi ndani yake, kabla ya kutumiwa.
- Maji ya mto Nyamwamba yasitumiwe kabisa. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kazi mwaka 1956, na mabaki yake bado yamelala bondeni ambako mafuriko huyasomba, kama ilivyokuwa mwezi Mei 2013. Shaba, hata iwe kidogo sana, ni sumu kwa samaki, na zaidi kwa konokono.
- Maji ya mvua na ya vijito vya Rwenzori ni laini, yaani yana madini machache, hivyo uchachu wake hubadilika haraka. Yanahitaji jiwe la chokaa.

Kuhusu jiwe hilo, wakazi wa Muhokya wana bahati na hatari kwa wakati mmoja, kwa kuwa chokaa huchimbwa na kuchomwa papo hapo. Jiwe bichi, ambalo hutoa mapovu likidondoshewa siki, linafaa sana: vipande vichache vilivyooshwa na kuwekwa ndani ya tangi huyeyuka polepole na kuyaweka maji katika pH ya 7.5 hadi 8.5, kipimo ambacho huonyesha maji kuwa ya uchachu au ya magadi. Chokaa iliyochomwa ni kitu kingine kabisa. Konzi moja tu ikitumbukia, pH hupanda ghafla na samaki wote hufa. Mawe yasichukuliwe karibu na tanuri, na mikono iliyoshika chokaa isiingie majini.

Joto halina shida kubwa. Nyuzi 24 hadi 28 ndizo zinazotakiwa, na katika bonde la Muhokya hupatikana bila kifaa cha kupashia. Mwenye shaka apime alfajiri, ambapo maji huwa baridi kuliko wakati wote, na pia saa nane mchana, kwa sababu tangi lililo chini ya bati huweza kupata joto mno kuliko kupoa.

Subira ya majuma sita

Wafugaji wengi hujaza tangi leo na kutia samaki kesho, na baada ya juma moja samaki wamekwisha. Mkojo na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na ambayo ni kali zaidi katika maji yenye pH ya juu kama yanayowafaa furu. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo, lakini bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita ili kuenea katika sifongo la kichujio. Kwa hiyo kichujio kiendeshwe katika tangi tupu lenye chembe chache za chakula zinazooza, na samaki waingie wachache wachache. Baadaye robo ya maji ibadilishwe kila juma, na sifongo lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba, ambayo klorini yake huua bakteria wote.

Tope la chini liondolewe mara kwa mara kwa mpira wa kunyonyea, bila kulitimua. Katika Ziwa George lenyewe samaki wamewahi kufa kwa wingi baada ya dhoruba kulivuruga tope na kumaliza oksijeni, na tangi, ambalo ni dogo mara nyingi zaidi, haliwezi kustahimili jambo hilo.

Umeme ukikatika, kichujio husimama na oksijeni huanza kupungua. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au sola inastahili kununuliwa kabla ya mapambo yoyote, na samaki wasilishwe mpaka umeme urudi.

Chakula

Mukene mkavu asiye na chumvi, akisagwa, ni chakula kizuri kwa furu wanaokula wadudu na samaki, pamoja na viluwiluwi vya mbu vilivyokuzwa katika chombo kisafi. Kwa Haplochromis nigripinnis na Haplochromis limax, msingi uwe mboga: unga wa spirulina, ambao ni mwani uliokaushwa, au majani ya dodo, yaani mchicha, yaliyochemshwa kidogo na kukatwakatwa. Astatoreochromis alluaudi apewe konokono, kwa kuwa Greenwood alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki wa spishi hii anayelelewa kwa chakula laini hukua akiwa na taya za koo dhaifu kuliko za ndugu zake wa ziwani. Konokono hao wazalishwe tangini, kwani wa ziwani hubeba vimelea. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku. Samaki mwenye njaa kidogo ni mzima kuliko aliyeshiba.

Spishi moja, tangi moja

Hapa ndipo wasomaji wengi hupinga, wakisema kwamba tangi lenye spishi nyingi hupendeza zaidi. Linapendeza, lakini majike wa furu humchagua dume kwa rangi, na katika nafasi finyu yenye madume wa spishi tofauti, hasa penye mwanga hafifu, huzaa machotara. Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 jinsi maji yaliyochafuka ya Ziwa Victoria yalivyovuruga uchaguzi huo. Chotara hana jina, hana ziwa, na akishapewa jirani kama zawadi hakuna atakayejua tena ni nini. Kwa hiyo kundi la dume mmoja na majike wanne au watano wa spishi moja, wenye mapango ya mawe ya kujifichia, ndilo linaloshauriwa, kwa kuwa dume akiwa na jike mmoja tu humsumbua hadi afe.

Jike hutaga, huyaokota mayai mdomoni papo hapo, kisha huyanyemelea madoa ya yai kwenye pezi la dume kana kwamba ni mayai yaliyosahaulika, na kwa njia hiyo hupata mbegu za kuyarutubisha. Wolfgang Wickler ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1962. Kwa majuma mawili hadi matatu jike hula kidogo sana au hali kabisa, na koo lake huonekana limetuna. Asisumbuliwe, na asilazimishwe kuyatema. Siku za mwisho ahamishiwe polepole katika tangi dogo lililo tulivu, lenye maji yaleyale, na arudishwe kwa wenzake baada ya kupata nguvu.

Samaki waliozidi

Furu huzaana kwa wingi, na siku itafika ambapo tangi halitoshi. Wasirudishwe ziwani, hata kama walitoka humo, kwa sababu wanaweza kuwa wamepata magonjwa ya samaki wa dukani au kuwa machotara, na ni hatari zaidi kuwatupa katika mto mwingine au katika bwawa la ngege. Samaki wa kununuliwa kutoka Kampala nao wasikaribishwe kwenye maji yoyote ya asili ya Kasese. Njia zilizo sahihi ni kuwapa wafugaji wengine pamoja na maandishi ya jina, mahali na tarehe, kuzipa shule zinazofundisha biolojia, au kumwacha samaki mlaji kama Haplochromis squamipinnis, katika tangi lake mwenyewe, awale vifaranga waliozidi. Maji ya tangi yamwagwe bustanini, mbali na mfereji wowote unaoelekea ziwani.